Paka Aliyekuja Ndani ya Gunia

Kwa miezi mitano mama yangu alipiga hodi kwenye nyumba yangu. Sisemi siku aliyofika, nasema kila siku. Akitoka kuanika kanga, akirudi: "Hodi." Akitoka kumwaga maji ya kuoshea mboga, akirudi: "Hodi humu." Nami, niwe nakata vitunguu au naoga, ilinibidi niitikie "Karibu, mama," la sivyo angesimama pale kibarazani na jua la Nzuguni, hapa Dodoma, likimchoma utosi. Ilikuwa inaniudhi. Siku moja nikamwambia, "Mama, mtu hapigi hodi kwake." Akasema, "Najua." Kesho yake akapiga tena.

Alikuja kwangu akiwa mgonjwa. Binamu yangu alinipigia simu kutoka Busi, kijijini kwetu, kwamba mama ana malaria na hanywi hata uji, nikawasha gari saa hiyo hiyo. Nilimkuta amejikunja kitandani, homa inamtetemesha. Nikamviringisha blanketi, nikamlaza kiti cha nyuma, nikaendesha mpaka hospitali mjini bila kusimama popote. Alipopona sikumrudisha Busi. Nilimleta Nzuguni moja kwa moja, chumba kikiwa tayari, neti imefungwa, shuka mpya. Shamba nikamkabidhi binamu, na mbuzi nikawagawa kwa simu. Nguo zake zilikuja na basi pamoja na gunia la uwele.

Sikumuuliza mtu, na kwa kweli sikumuuliza hata yeye. Mimi ni afisa ugavi. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuamua kitu gani kikae wapi na kifike lini, na wenzangu ofisini wananiita Bi Mkubwa nikiwapa kisogo, wakidhani sijui. Baba alishafariki, watoto wangu wako vyuoni, nyumba yangu ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Hesabu hiyo nani asingeiona? Nilichotaka kilikuwa kimoja tu, mama akae. Na sikutaka akae kama mgonjwa anayesubiri ruhusa ya daktari, nilitaka akae kama mtu aliye kwake.

Yeye hakubisha wala hakulalamika. Alikula, aliswali, alinisaidia kuchambua mlenda, na alipiga hodi. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa na mgeni wa mwezi wa tano, na kila nikimpa jembe alilipokea kwa mikono miwili na kusema ahsante, kama vile anapokea soda ya harusini.

Kisha wakaja panya, na nawashukuru mpaka leo.

Walifuata lile gunia la uwele. Mama alilihifadhi chumbani kwake kwa sababu unga wa dukani alisema unanuka mfuko. Panya walitoboa kona ya chini na kila asubuhi alikuta punje zimetapakaa sakafuni. Nikanunua mtego, wakala chambo na kuuacha umefunguka vile vile. Nikasema nitaleta sumu, mama akakataa.

"Sumu haina macho," alisema. "Itaua na asiyekula uwele wangu. Nitafutie paka."

Nitafutie! Kwa miezi mitano hakuwa ameniomba hata kijiko. Siku hiyo angeniomba chui, ningemtafuta.

Mwenzangu mmoja ofisini akaniambia kuna kituo cha kuokoa wanyama huko Mkonze, wanatoa paka bure ukionekana mtu mwenye akili timamu. Jumamosi tukaenda. Mama alikaa kiti cha nyuma, mahali pake, na mapajani amekunja gunia tupu la katani. Sikumuuliza la nini, maana nilijua. Kwetu paka akihamishwa hutiwa ndani ya gunia, asione njia akaja kuifuata kurudi alikotoka. Nilikua nikiona hivyo na sikuwahi kusikia mtu akifanya vingine.

Kituo chenyewe kilikuwa zaidi cha punda kuliko paka. Walisimama kivulini, migongo ina makovu ya mikokoteni ya maji, na hawakujisumbua hata kutugeukia. Mwenye kituo alikuwa daktari wa mifugo mstaafu, mwanamke mrefu aliyevaa mabuti ya mpira. Alimwamkia mama shikamoo, akampa benchi, kisha akanigeukia mimi na fomu.

Nimewajazisha watu fomu maisha yangu yote, lakini siku ile jasho lilinitoka. Nani atakuwa nyumbani mchana? Paka atalala wapi? Akiugua mtampeleka wapi? Mnamtaka kwa ajili gani? Nikasema panya. Daktari akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Na panya wakiisha?" Mama ndiye aliyejibu kutoka kwenye benchi, "Wakiisha atapumzika. Kwani yeye ni kibarua?" Daktari akacheka, akaandika kitu ambacho sikukiona, na kuanzia hapo mazungumzo yakawa yao wawili.

Mimi nilitaka paka mdogo mweupe aliyekuwa akicheza na kamba ya kiatu changu. Mama akampita bila kumtazama. Alisimama mbele ya paka jike mtu mzima, wa kijivu mwenye mistari, sikio moja limepasuka, aliyekaa kwenye kona ya chumba akitutazama kwa dharau.

"Huyu anajua kazi," akasema mama.

Daktari akasema paka yule aliokotwa kwenye ghala fulani mjini na ana miezi mingi pale, watu humpita kwa sababu ya sikio na umri. Akamtia kwenye kizimba cha waya, akatupa masharti. Tusimfunge kamba. Tumweke chumba kimoja kwa majuma matatu, mlango umefungwa, tumlishe hapo hapo, kisha mlango ufunguliwe na aachwe. "Na njiani msimfunike," akasema akilitazama gunia la mama. "Mwacheni aone anakopita." Mama akaitikia, "Sawa, mwanangu," kwa adabu zote.

Tulipofika barabara ya lami mama akasema, "Simama."

Nikasimama. Akafungua kizimba, akamshika paka shingoni kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo mara nyingi, na kabla paka hajajua kinachoendelea alikuwa ndani ya gunia na mdomo umefungwa kwa kipande cha kanga.

"Yule daktari amesoma," mama akasema, "lakini paka hawajasoma."

Ningeweza kukataa. Nina shahada, na fomu niliyoisaini wino ulikuwa haujakauka. Lakini ukweli ni kwamba na mimi niliamini vile vile, na zaidi ya hapo, ilikuwa mara ya kwanza mama kunipa amri tangu aje. Nikawasha gari. Tulipofika kipilefti cha kwanza mjini akasema, "Zunguka mara tatu, apoteze kabisa." Nikazunguka. Mzunguko wa tatu askari wa usalama barabarani, mwanamke mnene mwenye glavu nyeupe, akanipungia mkono niegeshe.

"Mama, umepotea?" akaniuliza.

Nikaanza kueleza kwa Kiswahili cha ofisini. Mama akanikatiza kutoka nyuma. "Tuna paka mgeni, mwanangu. Tunampoteza njia." Gunia likalia. Askari akainama, akalitazama, akatikisa kichwa kama fundi anayeona kazi ya fundi mwenzake.

"Sisi Wagogo tunampaka na mafuta miguuni," akasema. "Nendeni, lakini msizunguke tena. Mnanichanganyia magari."

Mama alicheka mpaka Nzuguni. Nami nilicheka, nikajisemea kwamba paka ametufaa hata kabla hajamkamata panya.

Furaha hiyo haikufika jioni. Gunia lilipofunguliwa chumbani, paka alitoka mbio, akaingia chini ya kitanda cha mama, kwenye kona ya ukutani, na hapo akakwama. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili alikunywa maji kidogo tulipotoka. Siku ya tatu panya walikuja kula uwele hatua mbili kutoka puani pake, naye hakujisogeza. Nilimletea dagaa, nikamletea maini, nikalala kifudifudi sakafuni na nguo za kazini nikimbembeleza kwa sauti ambayo nisingependa wale wa ofisini waisikie. Akanitolea meno.

Siku ya tano daktari akapiga simu kuuliza hali. Nikasema anaendelea vizuri. Akauliza amekula nini leo. Hapo nikakiri yote, gunia, kipilefti, mpaka askari. Nilitegemea atanigombeza na kudai paka wake. Hakunigombeza.

"Mlifikiri akiiona njia atakimbia," akasema. "Kumbe asiyeiona njia hajui hata kama amefika. Anadhani bado yumo safarini, anasubiri gunia lifunguliwe. Mpeni muda. Mtu mmoja akae naye, azungumze."

Nikamwambia mama, naye akasema hiyo haina shida, kuzungumza anaweza. Alasiri ya siku iliyofuata nilirudi kazini mapema. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo na alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo umeegemea lile gunia la uwele. Alikuwa akisema na uvungu wa kitanda kwa Kirangi, lugha ya kwetu, polepole, kama anavyosema na mbuzi aliyefiwa na mtoto. Sikukusudia kusikiliza, ila miguu ilikataa kuondoka.

Alikuwa akimwambia paka kwamba hata yeye aliletwa hivyo. Alifunikwa blanketi, akalazwa, akasikia gari linakwenda, linakata kona, linakwenda. Alipofumbua macho alikuwa hospitali, na alipotoka hospitali alikuwa hapa. Hajui walipita wapi. Hajui Busi iko upande gani wa nyumba hii, na anapokaa barazani jioni hajui auelekeze uso wapi ili autazame upande wa kaburi la mumewe. "Lakini binti yangu ni mtu mwema," akamwambia. "Hapigi. Chakula kipo. Toka tu ule."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nilirudi nyuma mpaka kibarazani kwa vidole vya miguu, na kwa mara ya kwanza nilipiga hodi mimi kwenye nyumba yangu, ili ajue nimefika. "Karibu," akaitikia mama kutoka ndani, na nikaingia nikijifanya ndiyo kwanza nashuka kwenye gari.

Paka alitoka uvunguni siku ya saba. Sikuwepo. Nilirudi nikamkuta amekaa juu ya gunia la uwele, na mama ameniwekea panya mmoja kwenye kipande cha gazeti, ushahidi. Toka siku hiyo alimfuata mama chumbani humo kila hatua, na mama alipokuwa kwenye mswala alikaa pembeni akimsubiri amalize. Panya walihama. Uwele ulipona. Mtu mwingine angesema mambo yamekaa sawa, lakini hodi iliendelea, na sasa kila nikiisikia nilijua inatoka wapi.

Nilijua pia dawa yake. Ilikuwa kumrudisha Busi, akae kiti cha mbele, macho wazi, aione njia yote. Ila niliogopa, nasema kweli. Nilijua akifika kwake, akashika ufagio wake, akakanyaga shamba lake, hatarudi. Mtu kwao, watu husema, wakimaanisha kwamba huna la kumwambia. Basi nikawa na visingizio. Mara gari lina kelele, mara ofisini tunafunga hesabu, mara barabara ya vumbi imeharibika na mvua, na mvua yenyewe ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Majuma matatu ya paka yakatimia. Asubuhi ya Jumapili tukafungua mlango wa chumba, tukafungua na mlango wa nje, kama tulivyoagizwa. Paka akapita katikati yetu. Akasimama kizingitini, akanusa, akatoka. Alizunguka ua mzima, akapanda ukuta, akakaa juu yake muda mrefu ametugeuzia mgongo, anatazama viwanja vya jirani na magari yanayopita. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya dagaa, tayari kumkimbilia. "Tulia," akasema mama. "Mwache aone." Yalikuwa maneno ya daktari, neno kwa neno, na mama aliyasema kama ni yake.

Paka akarukia upande wa pili, akapotea. Saa sita, harufu ya samaki ilipotoka jikoni, aliingia kwa mlango wa mbele, akapita sebuleni bila kumtazama mtu, akaenda kwenye sahani yake.

Jioni hiyo nikamwambia mama, "Jumamosi nakupeleka Busi." Akauliza, "Kufanya nini?" Nikasema, "Kuona." Usiku sauti ya sanduku lake ilisikika likifunguliwa na kufungwa.

Safari hiyo alikaa mbele. Nilidhani atatazama tu, kumbe atauliza. Pale tulipopinda kutoka nyumbani panaitwaje? Lile tenki la bluu ni la nani? Huu mwarobaini uliokatwa kichwa ni wa kushoto ukienda, kwa hiyo ukirudi ni wa kulia? Stendi iko wapi, na kutoka stendi mtu wa bajaji anaambiwaje? Pale Mayamaya akanisimamisha ashuke anyooshe miguu, pale Chemba akataka kujua kwa nini panaitwa mjini. Mpaka tunaiacha lami nilikuwa nimechoka kujibu kuliko kuendesha, na nilimjibu vibaya mara mbili, jambo ambalo najuta. Kila jibu alilirudia kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Kule Busi alifungua nyumba yake, akafagia, akaenda kaburini kwa baba na kukaa huko mpaka nikaanza kuwa na wasiwasi. Alikagua shamba na kumkosoa binamu kuhusu kila kitu. Jioni alisonga ugali wa uwele, tukala nje. Nikajikaza nikasema nilichokuwa nimekibeba toka Dodoma.

"Mama, nilikuchukua bila kukuuliza. Nisamehe. Ukitaka kubaki, baki. Nitakuja kila mwisho wa mwezi."

Alitafuna, akameza. "Wewe nenda kazini kwako," akasema. "Mimi nina shughuli zangu hapa."

Jumapili nikaondoka peke yangu. Nililia kutoka Busi mpaka kwenye lami, na kwenye lami nikaendelea kulia. Nyumbani nilimkuta paka amelala mlangoni kwa mama. Usiku huo na siku zilizofuata alikataa kulala kwingine, na chakula changu alikigusa kwa ncha ya ulimi. Nilimpigia mama simu mara mbili. Mama hapendi simu, anapiga kelele kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde, kisha anakata. Nilichopata kilikuwa, "Wazima, tunavuna," na, "Paka anakula?" Nikasema anakula. Sikuuliza kuhusu kurudi, kwa kuwa nilikuwa nimemwahidi kutouliza, ingawa ahadi yenyewe niliitoa kichwani mwangu tu.

Likapita juma, likapita la pili. Jumamosi moja baada ya adhuhuri nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga. Nikasikia bajaji inasimama nje, kisha mlango wa mbele ukafunguka na miguu ikaingia. Hakuna aliyeita. Nilishtuka, nikadhani mwizi, maana watu wote ninaowajua hupiga hodi. Nikachukua mwiko, nikatoka nao.

Mama alikuwa katikati ya sebule. Gunia la katani limejaa uwele mpya, ameshaliegemeza ukutani, viatu ameviacha anapoviachia siku zote, na paka anajizungusha miguuni pake akilia kwa sauti ambayo sikujua anayo. Aliinama akampapasa mbavu, kisha akaniinulia uso wenye hasira.

"Mbona amekonda hivi?" akasema. "Na nani ameuacha mlango bila komeo?"